Jani la Sale

Mwenye farasi alipokuja Jumapili kuchukua tandiko, Emilian, saisi aliyetunza farasi wa banda la Rau, alilikalia.

"Mgongo haujapona," alisema. "Ulimpanda mpaka Holili, ukamrudisha na kidonda, ukatokomea miezi mitatu. Huyu si baiskeli."

Kidonda kilikuwa bado chekundu, upana wa kiganja. Kila asubuhi Emilian alikiosha kwa maji ya chumvi, huku akimsemesha farasi Kichagga, maana hakuna mwingine aliyekuja kumjulia hali.

Mwenye farasi, kijana wa Kilema aliyemnunua kwa mlowezi aliyekuwa akirudi kwao, alitoka nje. Aliporudi alishika jani la sale lililofungwa fundo.

Emilian akaguna. Jani hilo likishaletwa, Mchagga hana budi kusamehe.

"Shikamoo, mzee. Nimekosa."

"Marahaba. Lakini hukunikosea mimi."

Kijana alitazama viatu vyake vilivyong'aa, kisha akavikanyagisha samadi mpaka ndani ya banda. Akainama mbele ya farasi, akamnyooshea jani kwa mikono miwili, kama angemnyooshea mjomba wake.

Farasi alilinusa jani, akapumua kwa nguvu, akaegemeza kidevu begani mwa kijana na kuacha ute kwenye koti la kanisani. Kijana hakujifuta.

Emilian akainuka kutoka kwenye tandiko. Kijana akanyoosha mkono apokee.

Emilian akamkabidhi ndoo ya maji ya chumvi.