Bando la Kuona Uso

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga kabla ya adhana ya alfajiri wakati jirani yangu alipokuja kunibonyezea simu, kama alivyozoea.

"Ayeeyo, bibi yangu, chukua dakika za kupiga," alisema. "Zinakaa wiki nzima. Bando la video kwa bei hiyo ni saa moja tu, limeisha."

Miezi yote iliyopita nilinunua dakika. Binti yangu Sabrin, mfanyakazi wa nyumbani huko Uarabuni, hupokea simu yangu kabla waajiri wake hawajaamka, na kila mara husema yuko salama.

"Leo nataka kumwona," nikasema.

Jirani akaninunulia bando la video, na Sabrin akatokea kwenye kioo cha simu, yuko jikoni kwa waajiri wake, anatabasamu. Alikuwa akitokwa jasho, lakini mkono wa gauni aliuvuta hadi kwenye vidole. Alipojifuta paji la uso, ukateleza.

Kidonda cha moto mkononi kilikuwa na umbo la pasi, hata ncha yake ilionekana.

"Mafuta yaliniruka, hooyo, mama yangu," akasema, akiufunika.

Jirani yangu aliteremsha macho, akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Sabrin akausogeza uso karibu na kioo. "Kesho usinunue dakika, hooyo. Nunua bando hili la video tena, uje unitembelee hapa jikoni."