Ghala la Mambo Mapya

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipobadilika katika msitu mmoja wa Ulaya. Wanyama walikuwa wamechanga chakula na kukiweka katika ghala moja, ili mwenye wazo jipya asaidiwe kulijaribu na wote wapate kushiba. Mlinzi wa ghala alikuwa Dubu, aliyeogopa sana kukosea.

Akafika Bi Kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba, mjane mwenye watoto wadogo. Marehemu mumewe aliwaza kwamba matofaa yakifukiwa katika mchanga mkavu hayataoza wakati wa baridi. Yakioza tena mwaka huu, watoto watalala njaa.

"Naomba kikapu kimoja cha matofaa, mzee, nijaribu."

"Wazo ni jipya?"

"Jipya kabisa."

"Vizuri. Lete mashahidi watatu waliokwisha kulijaribu."

"Wangekuwapo, baba, lingekuwa jipya la wapi?"

"Utaratibu ndio huo, mama."

Bi Kalunguyeye akatafakari, kisha akauliza polepole, "Na ghala kama hili, nani alikuwa nalo kabla yenu?"

"Hakuna! Sisi ndio wa kwanza," Dubu akajigamba.

"Mashahidi wenu watatu walikuwa akina nani?"

Dubu akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Umenipata, mama! Chukua vikapu viwili, na mchanga nitakubebea mwenyewe."

Baridi ilipokaribia kwisha, msitu mzima ulikuwa umeshajifunza kufukia matofaa, na watoto walicheza wameshiba. Mjane akashika tofaa zima, akainamisha kichwa kabla ya kulionja.

"Ee Mola, mlaze mume wangu mahali pema, na umjulishe kwamba hayakuoza. Amina."