Zamu ya Kasia

Roseline alilipita paa alilokalia Dishon kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, wala hakupunguza mwendo.

"Roseline," Dishon aliita. Alikuwa ameikumbatia paneli yake ya sola, na maji yalikuwa yamefika ukingo wa mabati. "Niko hapa."

"Nakuona."

Ndani ya boti walikuwamo Lynnet na wanawe, pamoja na mwalimu Terry, aliyehamishiwa huku Nyatike muhula uliopita na ambaye hakuwa amewazoea watu wala mto wao. Terry aligeuza shingo, akamtazama yule mwanamume akibaki nyuma.

"Mama, si kuna nafasi ya mtu mmoja?"

"Iko."

"Sasa?"

"Sasa shika hao watoto vizuri, mwalimu."

Lynnet aliinamisha macho.

Boti lilikuwa la kijiji kizima. Baada ya mafuriko ya mwaka juzi, huyu alitoa ubao, yule misumari, mwingine lami ya kuziba nyufa, na kasia likawa linazunguka nyumba kwa nyumba. Sheria ilikuwa moja tu: mwenye zamu huokoa watu wa wenzake kwanza, wa nyumbani kwake mwisho. Roseline ndiye aliyeitunga, na siku hiyo walimpigia makofi.

Alikuwa na sababu. Mwaka juzi mto Kuja ulipovunja tuta, boti lilikuwa moja tu kijijini, la Dishon, ambalo baadaye aliliuza. Roseline alikuwa amekwenda sokoni Migori. Dishon alipakia mbuzi, injini na godoro. Mama yake Roseline alikuwa amesimama juu ya kichuguu, maji yakimlamba miguu, akaambiwa angoje safari ya pili. Safari ya pili haikuwako. Bibi wa watu aliokotwa kwenye mafunjo, amevimba. Matangani Dishon alileta fahali mnono, watu wakamsifu kuwa anajua desturi. Roseline hakuionja nyama ile. Tangu hapo alimchukia kimyakimya, chuki ya kulala nayo na kuamka nayo.

Walipofika shuleni, kwenye mwinuko, Terry aliwateremsha watoto kisha akabaki amesimama majini.

"Watu wako wote wameokoka, mama?"

"Amebaki mmoja."

"Jamani. Si ungeanza na yeye?"

"Sheria ni yetu sote. Atangoja."

Machozi yalimlengalenga mwalimu. Alimtazama Roseline akigeuza boti na kurudi peke yake, akajiuliza mama huyu amepewa moyo wa namna gani.

Paa lilikuwa limeinama upande mmoja. Sola ilikwisha kwenda na maji. Dishon alikuwa ameng'ang'ania mgongo wa bati, midomo imempauka kwa baridi.

"Nisamehe kwa ile ya mama," alisema. "Nilikosa. Hata jana usiku niliifikiria."

Roseline alisikia raha, wala hakuona haya kuisikia. Hii ndiyo siku aliyokuwa akiiomba kanisani kila Jumapili huku wenzake wakidhani anaombea mvua. Alilisogeza boti polepole mpaka vidole vya Dishon vikakaribia kugusa ubavu wake, kisha akalizuia kwa kasia.

"Siku ile ulisema ni aibu mtu kubanana botini na mama mkwe wake," alisema. "Nikakuelewa. Na wewe leo unielewe, Baba Austine. Mume wa mwenye kasia hupanda mwisho, na mimi bado naona kuku wa Mzee Mayaka juu ya ule mti."