Tundu la Kisogoni

"Ziba hilo tundu, fundi, yaishe," mzee alisema, akaitupa kofia mezani, katikati ya vipande vya ngozi na mikebe ya gundi.

Binti yake aliyemshika mkono alishtuka. Hakuwahi kumwona baba yake akiitupa kofia ile. Hata vumbi lake alilipuliza kwa pumzi tu, asije akaikwaruza.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kitambaa kichwani, kazi yake kutengeneza mikoba, mikanda na viatu vilivyokata tamaa. Aliiokota kofia akaigeuza. Ilikuwa ya kubana, ya ngozi nyembamba ya kahawia, yenye vifuniko vya masikio na beji ya mabawa kwenye paji. Ndani, maandishi ya Kijerumani yalikuwa yamefifia, ikabaki namba ya kipimo peke yake.

"Ya nani?"

"Ya baba yangu. Na ndiyo iliyonizeesha."

Mzee alilelewa na mwanamke dobi wa uwanja wa ndege, aliyemwita mama. Kwa mama hakupungukiwa. Alichokosa ni baba. Dobi naye hakuwa mtu wa maneno. Alipobanwa sana alisema hivi tu: "Mzazi wako alikuwa rubani, Mjerumani. Aliniachia wewe na kofia asubuhi, akaruka. Ndege haikurudi." Kisha akaendelea kupiga pasi. Alizikwa bila kuongeza neno.

Ndipo mzee akaanza kuizungusha kofia, tangu ujana wake mpaka mvi zikamwota. Bwana mmoja wa makumbusho, mwenye miwani minene, alipekua vitabu vitatu vya sare akasema jeshi halikuwahi kutoa kofia ya namna hii. Mkusanyaji wa vitu vya kale akasema beji ni ya kweli ila kofia imechezewa. Mwanajeshi mstaafu aliijaribu, ikamkwama juu ya masikio, akacheka kwamba rubani huyo alikuwa na kichwa cha kitoto. Orodha za marubani zilisomwa jina kwa jina, na kila aliyeelekea kuwa ndiye alikutwa amerudi nyumbani salama salimini. Na wataalamu wote, kama waliokula njama, waliishia kwenye tundu la kisogoni, upana wa vidole viwili. Huyu akasema risasi, yule akasema panya.

"Wa mwisho tumetoka kwake sasa hivi," binti alimweleza fundi. "Anasema isingekuwa hilo tundu, pengine angeitambua."

"Basi lizibwe," mzee alisema. "Nimechoka kuonyeshwa tundu. Nina miaka themanini na mbili, na nikiulizwa jina la baba najikuna kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza."

Fundi hakugusa sindano. Aliisogeza kofia kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole pembezoni mwa tundu, polepole.

"Mzee, hapa hapajatoboka."

"Fundi, macho yangu mabovu, lakini tundu naliona."

"Lilikatwa siku kofia iliposhonwa. Ukingo umekunjwa, umepigwa uzi uleule, na mkono ni uleule. Na hapa chini kuna kishikizo. Aliyeishona aliagizwa hivi."

"Aagizwe tundu?" Mzee alipandisha sauti. "La nini? La kupitishia upepo?"

"Baba, taratibu."

"Taratibu mpaka lini? Taratibu ndiyo iliyonifikisha hapa."

Fundi alifungua kitambaa chake, akakiweka mezani, akaivaa kofia. Iliingia kichwani kana kwamba alipimiwa yeye. Akapeleka mikono nyuma, akaushika msuko wake mnene, akaupitisha kwenye tundu na kufunga kishikizo juu yake. Msuko ukateremka mgongoni, umekaa imara.

Akawageuzia kisogo ili waone.

Binti alijiziba mdomo. Mzee alishika ukingo wa meza, akautazama mgongo ule na nywele zile, hasira yote imemtoka usoni. Fundi alisubiri, kisha akainua mikono aivue.

"Tafadhali, mama," mzee alisema, "usiivue kwanza."