Nani Alikuambia Kuhusu Maji?

Mwanamke aliyeingia saluni hakutaka kusukwa. Alisimama mlangoni, maji ya mvua yakimchuruzika mabegani, akauliza kama Makena wa ofisi ya uratibu yuko hapo.

"Karibu, mama," Marie-Claire alisema bila kuachia nywele alizoshika. "Kiti iko pale. Utasuka, ao umekimbia mvua tu?"

"Namtafuta huyu binti. Kanisani wameniambia nitamkuta hapa mtaani Sydenham."

Makena, aliyekuwa akisukwa, aligeuka kumtazama.

"Usitikise kichwa, dada! Mistari itapinda kama barabara ya kupanda Pinetown." Marie-Claire alicheka peke yake, kisha akaenda chumba cha nyuma kuchukua nywele za kuongezea.

Mgeni alivuta kiti karibu. Kiswahili chake kilikuwa laini, cha Kitanzania. Alikulia Morogoro, wazazi wake wakiwa uhamishoni, alisema, na sasa ana kazi serikalini. Kazi gani, hakusema.

"Ile kliniki mpya ya mtaa wa Jacobs. Unajua kwa nini haifunguliwi?"

Makena alidhani anajua. Alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu ahitimu, na kazi yake katika ofisi hiyo ya serikali kuu ilikuwa kuhakikisha wizara zinasikilizana. Kila Jumatatu aliziketisha meza moja. Afya ilisema inangoja maji. Maji ilisema inangoja Ujenzi. Utumishi haikutaka kupeleka wauguzi kwenye jengo lisilo na maji. Makena aliandika yote na kuwaita tena wiki iliyofuata, kwa sababu aliamini kwa moyo wake wote kwamba watu wakiendelea kuketi pamoja, siku moja jambo litasogea.

"Maji yapo," mgeni alisema. "Yapo tangu Pasaka. Ni ofisi yenu wenyewe iliyoziambia wizara zisubiri, ili mkubwa aje kukata utepe uchaguzi ukikaribia. Wajawazito wa Jacobs nao wasubiri."

"Zachary hawezi kufanya hivyo." Zachary alikuwa bosi wake, Mkenya mwenzake, mtu aliyempigania hadi akapata nafasi ile.

"Basi nenda kafungue bomba." Mgeni alimshika mkono. "Ila usinitaje. Kokote. Nina watoto, binti yangu. Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

Kesho yake asubuhi Makena alipitia Jacobs. Mlinzi wa kliniki alimfungulia geti huku akishangaa anataka kuona nini. Bomba la kwanza alilogusa lilimlowesha viatu.

Aliingia kikaoni na viatu hivyo hivyo, na mbele ya wizara zote akasema alichokiona. Mjumbe wa Maji alikohoa.

"Sisi tuliambiwa na ofisi yenu tungoje."

"Hata sisi," alisema wa Afya.

Zachary alikunja makaratasi yake taratibu, akatoka bila kuaga.

Kliniki ilifunguliwa wiki hiyo, bila utepe. Wiki iliyofuata Makena alisimamishwa kazi kwa kupokea na kutoa siri za serikali.

"Umeniangusha, Makena," Zachary alimwambia siku ya kusikilizwa kesi yake, wakiwa koridoni.

"Mimi ndiye nimekuangusha?"

"Eish, acha hayo. Nisikilize. Ni karani fulani tu wa Maji aliyekuambia, si ndiyo? Mtaje, yaishe. Usipomtaja kazi itaenda, na kibali chako cha kuishi hapa kitaenda nayo. Na usicheze na mwenyekiti wa jopo la nidhamu. Anatoka makao makuu Pretoria, na kesi hii ameiomba mwenyewe."

Makena alimfikiria yule mama katika chumba chake cha kupanga, akipiga pasi sare za watoto. Aligeuka, wakaenda kuketi katika chumba cha kikao.

Wajumbe watatu waliingia. Makena alisimama kwa heshima, kisha akakaa kabla hajaambiwa, akimkodolea mwenyekiti macho. Zachary alidhani ni woga. Alimpigapiga begani.

Mwenyekiti alizungumza Kiingereza kikavu cha ofisini, macho yakiwa kwenye kalamu yake.

"Nani alikuambia kuhusu maji?"

"Mtu aliyewahurumia wagonjwa."

"Jina lake?"

Makena alitikisa kichwa.

"Mtu huyo amekutumia," mwenyekiti alisema, sauti ikipanda. "Leo hayupo hapa kukutetea. Amekuacha peke yako. Kwa nini umlinde? Taja jina, na jioni hii utarudi nyumbani ukiwa na kazi yako."

Siku ile saluni mgeni hakusema jina lake, na Makena hakumuuliza. Sasa alilisoma kwenye kibao kilichowekwa mezani, mbele ya mwenyekiti: Dkt. Ntombenhle Gumede.

"Nilimwahidi kwamba sitamtaja," alisema kwa Kiswahili. "Sitamtaja, mama."