Mwangwi wa Lori Namba Tisa

Wiki ya tatu sasa fundi wa redio alikuwa akiingia yadini kwa geti la nyuma. Si kwamba lilikuwa karibu. Geti la mbele ndipo madereva walipokaa kunywa chai, na siku hizi hawakumwacha apite hivi hivi. Walimwamkia kwa kurudiarudia kila neno, kama ilivyofanya redio ya lori namba tisa, kisha wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Redio ile ilikuwa kazi ya mkono wake. Ilikuwa redio ya upepo, ya madereva kuzungumza na wenzao njiani, yenye mwangwi wa ndani kwa ndani, zile ambazo madereva huzipenda kwa sababu humfanya mtu asikike kama anahutubia uwanja mzima. Alikuwa ameifungua mara mbili. Amebadilisha maiki, amelehemu upya waya wake, amepunguza nguvu ili sauti isikwaruze. Mikwaruzo ikaisha kweli. Lakini maneno yaliendelea kugongana, na kila yalipogongana, yadi nzima iliuliza fundi wake ni nani.

Kwake yeye mchawi alikuwa ule mwangwi. Angeutoa siku ya kwanza, ila dereva mwenyewe hakutaka.

Dereva wa namba tisa alikuwa mtu mzima, mpole, aliyebandikwa jina la Mwangwi na wenzake na akalipokea bila kinyongo. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia aliweka mkono kifuani na kutabasamu, basi. Shida zake aliziandika kwenye karatasi. Fundi alimwona anaringa kidogo. Mtu gani hana hata salamu? Karatasi ya mwisho ilisema: "Sauti iwe safi, ndugu yangu. Ila mwangwi usiuguse, tafadhali." Hiyo tafadhali aliipigia mistari miwili.

Mapenzi gani haya ya mbwembwe, fundi akajisemea, na mimi ndiye ninayeaibika.

Alhamisi akiwa anapita nyuma ya malori, alisikia mtu anaimba. Alikuwa Mwangwi, juu ya bampa, anasugua kioo cha mbele. Aliimba ubeti baada ya ubeti, na sauti ilitoka laini, haina hata pa kukwama. Fundi akasimama na kisanduku chake cha vifaa mkononi, uso ukimwaka moto. Mtu ana sauti kama ile, halafu redioni isikike vile? Basi kosa ni la redio, na redio ni yake.

Siku hiyo hiyo mdogo wa mkewe, ambaye ndiye mwongoza safari wa chumba cha redio na ndiye aliyemtafutia kazi ile, alimwita pembeni. Alimwambia huku anaangalia chini kwamba Jumatatu malori yanaondoka kwa msafara, namba tisa inatangulia, na bosi mwenyewe atakuja kusikiliza. Maneno yakigongana tena, watatafuta fundi mwingine.

"Nisitiri, shemeji," akasema. "Mimi ndiye niliyekusifia."

Jumatatu fundi alifika kabla ya dereva. Akaifungua redio, akaking'oa kipande kinachotoa mwangwi, kidogo kama kiberiti, akaunganisha nyaya zilizobaki. Kitufe cha mwangwi akakiacha mahali pake, kizunguke bure. Kipande akakitia mfukoni mwa shati.

Mwangwi alipopanda, alikizungusha kitufe kama kawaida yake, kisha akaweka mkono kifuani kushukuru. Fundi akaangalia pembeni. Tangu aanze ufundi alikuwa hajawahi kumdanganya mteja, na roho ilimsuta. Akajikaza kisabuni. Akajiambia mzee wa watu akishasikika vizuri, mwenyewe atakuja kushukuru. Akamwelekeza ashike maiki vidole vitatu kutoka mdomoni. Mwangwi akainua vidole vitatu, akacheka, akatia gia.

Saa nne chumba cha redio kilikuwa kimejaa. Bosi alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, shemeji mbele ya mitambo, na madereva wa zamu ya mchana walisongamana mlangoni, wameshaanza kukonyezana. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu fundi alisimama katikati ya watu na kichwa juu.

"Leo mtasikia sauti yake yenyewe, bosi," akasema.

Redio ikaamka. Hakuna mvumo, hakuna mkwaruzo. Sauti ilikuja safi na karibu, ungedhani mtu yuko humo chumbani.

"Ma-ma-madereva wote, pu-pu-punguzeni mwendo. Da-da-daraja limekatika."

Mlangoni wakaangua kicheko. Mmoja akaushika ukuta asianguke. Shemeji alituma majibu kwa msafara, kisha akainamisha kichwa, asitake kumtazama mtu yeyote.

Fundi hakusikia kicheko. Kipande cha mwangwi kilikuwa mfukoni mwake, na bado maneno yaligongana; kumbe kilikuwa kigugumizi. Alikuwa anaiona ile karatasi na mistari yake miwili, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu zile aliona aibu iliyo ya kweli.

Bosi akavua miwani, akamgeukia taratibu.

"Fundi. Sasa hiyo ndiyo sauti yake yenyewe?"

Madereva wakasogea ndani kumsikiliza. Fundi akatia mkono mfukoni mwa shati, akakifumbata kile kipande ili kisionekane.

"Hapana, bosi," akasema. "Huo ni mwangwi wa redio. Kazi imenishinda."