Viganja vya Sikudhani

Habari hii nilipewa na wifi yangu Mwanaidi, tukipura mpunga mwaka huu.

Kijijini kwao, kila nyumba ina mti wake wa mtiki, unaofyonza na kuhifadhi kaboni ya moshi wa jiko lake. Mtiki ukifa, jiko linazimwa na watu wanahamishwa. Wa mwanamke mmoja, Sikudhani, ulivunwa mbao, kisiki kikatoa machipukizi matatu. Sheria ni kubakiza moja na kukata mengine. Akabakiza la juu, nene, kumbe la juu halishiki kisiki. Jioni alipoligusa tu, likang'oka.

Akalirudisha, akalifunga kwa kipande cha kanga. Lakini majani machanga ya mtiki ukiyafikicha hutoa wekundu, na viganja vyake vikawa kama vimechinja.

"Mama Tatu, limau lote hilo la nini?" mumewe alimuuliza Sikudhani, akimwona anasugua viganja.

"Nilichambua mchicha."

"Mchicha wa damu? Umeua mtu wewe!" Akacheka. "Kesho mkaguzi wa mitiki anakuja, na huyo huanza na viganja."

Sikudhani akazidi kusugua. Kicheko cha mumewe kikakatika.

"Chipukizi limeng'oka?"

Sikudhani akampakulia ugali. Mumewe akala polepole, kama anayeliaga jiko, akaenda kulala. Sikudhani akamfuata, viganja kwapani, akisikiliza upepo ukianza kuvuma kule kwenye chipukizi alilolifunga, hadi usingizi ukamchukua.